Kuchangisha fedha za makumbusho ya watoto: anza na pampu iliyokufa

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unafanya kazi makumbusho, wa kwanza atafikiria kituo cha daladala chenye jina hilo. Wa pili atafikiria mafuvu na mitumbwi ndani ya vioo, na mlinzi anayesema "usiguse". Ukiongeza "ya watoto", wote wawili watakuuliza: sasa watoto wana nini cha kukumbuka?

Basi nianze hapo. Makumbusho ya watoto ni nyumba ambayo kila kitu kimewekwa ili kiguswe. Ya kwanza duniani yalifunguliwa Brooklyn, New York, mwaka 1899, na ya Boston yakafuata mwaka 1913. Pale Boston, miaka ya 1960, mkurugenzi Michael Spock alivitoa vitu kwenye makabati ya vioo akawapa watoto wavishike, na mtindo huo ukasambaa. Ninakofanya kazi mimi ni padogo sana ukilinganisha na huko: tuna kona ya maji, duka la mangi la kuigiza lenye mizani ya kweli, bajaji iliyokatwa ubavu ili watoto waingie na kutoka, na ukuta wa sumaku. Mimi ndiye ninayesimamia uchangishaji na mahusiano na wafadhili.

Kuna Jumapili moja sitaisahau. Mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, aliyetujengea kona ya maji, alikuja na mjukuu wake bila kutuarifu. Kibao chenye jina lake kilikuwa kinang'aa ukutani. Chini yake, kona ilikuwa imefunikwa turubai, na karatasi imebandikwa: "Samahani, panatengenezwa." Karatasi hiyo ilikuwa na wiki saba. Mzee hakugomba. Aliniuliza kimeharibika nini, nikamwambia pampu. Akanitazama. "Kwa nini hamkuniambia? Pampu hiyo mimi nauza."

Hatua zilizo hapa chini zote zimetokana na swali lile. Kitu kinachoguswa huvunjika, na mfadhili hupenda kulipia kipya. Kazi ya mchangishaji wa makumbusho ya watoto ni kumfanya mtu alipie pia cha kesho, kile kitakachokuwa kimechoka.

Hatua ya 1: Tembea na daftari Jumamosi jioni

Watoto wakishaondoka, kabla mfagiaji hajaingia, zunguka. Andika kila kilicholegea, kilichopotea, kilichopasuka. Usimtume mtu mwingine kwa miezi mitatu ya kwanza. Utajua mambo ambayo hakuna ripoti itakuambia: ndizi za plastiki za dukani huondoka na watoto wadogo kwenye mifuko ya kaptula, embe hazichukuliwi. Sijui kwa nini.

Kisha geuza daftari kuwa bei. Tuseme kujenga kona ya maji ni shilingi 6,000,000. Pampu moja ni 180,000 na mchanga unaiua kila miezi minne, kwa hiyo tatu kwa mwaka ni 540,000. Maji na klorini, 50,000 kwa mwezi, ni 600,000. Fundi siku 12 kwa 30,000 ni 360,000. Jumla 1,500,000 kwa mwaka, yaani robo ya gharama ya kujenga. Weka bei zako halisi, lakini ukishapata jumla usiuze tena kona hiyo kwa milioni sita. Bei yake ni kujenga na kutunza miaka mitatu: 10,500,000. Ukiomba sita, umejiombea turubai.

Hatua ya 2: Panga majina kwa kuangalia nani ana mtoto

Watu husema Watanzania hatuna utamaduni wa kuchangia. Anayesema hivyo hajawahi kukaa kwenye kamati ya harusi. Tuna kadi, tuna ahadi, tuna mweka hazina anayekumbushia kwenye kundi la WhatsApp mpaka unaona aibu kufungua simu. Kinachotusukuma ni kwamba ulikuja kwangu, nami nitakuja kwako. Makumbusho hayaoi wala hayaozeshi, kwa hiyo yakikuletea kadi huoni deni lolote.

Deni hilo hutokana na mtoto. Mzazi ambaye binti yake alilia akikataa kuondoka kwenye bajaji tayari amepokea kitu kwenu. Ndiyo maana orodha yangu ya kwanza ni ya wazazi, mababu, mashangazi na walimu waliokwisha kuja zaidi ya mara mbili. Ya pili ni wafanyabiashara wanaouza vitu tunavyovitumia: rangi, mbao, pampu, bolti. Kampuni na taasisi kubwa ni za tatu, ingawa bodi yako itataka uanze nazo.

Mapokezi waweke fomu fupi: jina la mzazi, namba ya simu, umri wa mtoto, na mahali pa kutia tiki akikubali kupigiwa. Tiki hiyo si urembo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba aliyoitoa mtu kwa ajili ya tiketi hukupewa umpigie kumwomba pesa. Picha ya mtoto, mzazi asaini kwanza, hata kama mfadhili anaitaka kwa kalenda yake tu.

Hatua ya 3: Mlete mgeni siku ya kelele

Kosa la kawaida ni kumkaribisha mfadhili siku mliyofunga, pamefagiliwa, viti vimepangwa, soda zipo mezani. Anaona jengo. Mlete Jumamosi saa nne asubuhi, msimamishe karibu na duka la mangi, kisha nyamaza. Mwache amwone mtoto wa miaka mitano akimwambia mwenzake "chenji sina, chukua pipi". Hotuba yako haifikii hapo.

Na tafadhali msiwapange watoto mstari wamwimbie mgeni. Wamekuja kucheza. Mtoto anayeimba kwa ajili ya hundi anafanya kazi, na mgeni mwenye akili hulitambua hilo akasikia haya.

Hatua ya 4: Taja kiasi, kisha funga mdomo

Hapa ndipo wengi wetu tunashindwa, na sababu ni malezi. Tumefundishwa kwamba kumtajia mkubwa kiasi ni utovu wa adabu, kwa hiyo tunasema "chochote utakachojaliwa". Kutoa ni moyo, ndiyo. Lakini ukimwambia mtu chochote, unamwachia kazi ya kubahatisha. Akitoa elfu hamsini anaogopa ni ndogo, akitoa milioni anahisi ameibiwa. Kumtajia ni kumheshimu, ilimradi uwe na daftari lako mkononi.

Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Haya, mmenizungusha, nimeona. Mnataka nini?"

"Mzee, ile bajaji aliyokaa mjukuu wako imechoka. Kutengeneza mpya na kuitunza miaka mitatu ni milioni nne na laki mbili. Nimekuja kukuomba uibebe yote."

Halafu kimya. Hesabu mpaka kumi moyoni ikibidi. Nimeshuhudia wenzangu wakishindwa kuvumilia sekunde tatu, wanaongeza "au hata nusu, mzee, au vyovyote". Umejipunguzia mwenyewe wakati mtu alikuwa anafikiria atoe benki ipi.

Majibu yatakayokuja unaweza kuyajua mapema. "Kiasi hicho sina": muulize mwaka huu angependa kuanza na sehemu gani, uwe na bei ya magurudumu peke yake. "Ngoja niongee na mama": mwambie mama naye anakaribishwa Jumamosi, na usimfanye mama kuwa kikwazo, mara nyingi ndiye mwamuzi. "Inshallah": neno hili linaweza kuwa ndiyo na linaweza kuwa hapana yenye adabu. Uliza, "Nipitie Alhamisi, au Jumatatu ni bora zaidi?" Akichagua siku, ni ndiyo. Akisema tutawasiliana, mwache apumzike hadi msimu ujao.

Ahadi ikitolewa, itume kwa ujumbe siku hiyo hiyo, kiasi na tarehe. Mtumie yeye binafsi, si kwenye kundi. Mtindo wa harusi wa kubandika orodha ya waliolipa na wasiolipa haufai hapa.

Hatua ya 5: Makampuni, na ule mfano wa hundi

Kampuni nyingi hufunga mwaka wao Desemba, na fungu la kurudisha kwa jamii hupangwa miezi michache kabla. Barua inayofika Machi inakuta pesa zimeshagawanywa. Fika Agosti au Septemba. Barua iwe ukurasa mmoja: kona, bei ya miaka mitatu, watoto wangapi waliipitia, na jina la mtu wa kupigiwa.

Mhasibu wao atauliza kuhusu kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamruhusu mfanyabiashara kupunguza mchango wa hisani kwenye mapato yanayotozwa kodi, kwa ukomo wa asilimia 2 ya mapato yake ya biashara, mradi taasisi inayopokea imetambuliwa na Kamishna wa TRA kuwa ya hisani. Cheti cha usajili peke yake hakitoshi. Kama hamjapata utambuzi huo, uanze kuushughulikia kabla ya kuandika barua yoyote.

Kisha sherehe: watu watano wameshika mfano wa hundi mkubwa kama mlango, wapiga picha, tabasamu. Sina ugomvi nao. Ila kabla ya picha, makubaliano yawe yamesainiwa: jina litakaa wapi, kwa ukubwa gani, na kwa miaka mingapi. Mitatu, sawasawa na matunzo. Nimekutana na kibao cha kampuni iliyokwisha kufungwa kikining'inia juu ya kona nyingine aliyoijenga mtu mwingine kabisa.

Jina la kampuni likikaa vizuri halidhuru. Mbele ya makumbusho ya Boston, tangu 1977, ipo chupa ya maziwa yenye kimo cha futi 40, kibanda cha vitafunio kilicholetwa na kampuni ya maziwa ya Hood. Ni tangazo la biashara waziwazi, na ni alama ya mahali pale. Ninaipenda zaidi zawadi nyingine ambayo makumbusho hayo yalipata: mji wa Kyoto uliwapa nyumba nzima ya mfanyabiashara wa hariri, ikasafirishwa vipande vipande, na maseremala wa Kijapani wakaja kuijenga upya ndani. Mtu akitaka kukupa kitu badala ya pesa, mwombe na fundi wake. Tulipokea televisheni kubwa mara moja, bila fundi wala stendi. Ipo stoo.

Andikeni pia, bodi isaini, orodha ya mnaowakataa. Yetu ina pombe, sigara, kamari na maziwa ya unga ya watoto wachanga. Kampuni za kubashiri mechi zina pesa na zitakuja. Ni rahisi kusema "sera yetu hairuhusu" kuliko kuanza kutafuta maneno ofa ikiwa mezani.

Hatua ya 6: Watu wako

Nitapita haraka. Mlinzi wa getini na dada wa mapokezi ni sehemu ya kitengo chako, kwa sababu wao ndio wanaomwona mfadhili akija bila taarifa. Waoneshe picha za wafadhili kumi wakubwa, wawajue kwa majina. Wajumbe wa bodi usiwaombe "watusaidie kuchangisha", waombe majina matatu kila mmoja na siku ya kwenda pamoja. Na akija mtu anayesema atawaletea mamilioni kwa kukatiwa asilimia kumi, mshukuru umsindikize. AFP, chama cha wachangishaji chenye makao Marekani, kinakataza malipo ya asilimia katika kanuni zake za maadili, na sababu ni nyepesi: mtu wa asilimia huahidi lolote ili pesa itoke leo.

Hatua ya 7: Shukuru, na useme kimevunjika

Risiti itoke siku hiyo. Ndani ya siku mbili piga simu, upige wewe mwenyewe, na usiombe kitu. Baada ya hapo watu wengi hunyamaza mpaka mwaka ujao. Mimi hutuma ujumbe mara nne kwa mwaka, na mmoja kati ya hiyo minne ni lazima uwe wa habari mbaya. Huu ni mfano:

"Habari za asubuhi mama. Mizani ya duka uliyotununulia imevunjika sahani leo saa sita. Mapacha wawili walitaka kujipima kwa pamoja. Fundi anakuja kesho, fedha ipo kwenye fungu la matunzo ulilolitoa. Nimeona nikujulishe."

Mara ya kwanza mkurugenzi wangu alikataa, alisema tutaonekana wazembe. Mama huyo alijibu kwa kucheka, akauliza mapacha wana uzito gani. Watu wamezoea kuletewa picha za kitu kilipokuwa kipya. Ukimwambia kimevunjwa kwa kutumiwa, anajua kinatumiwa.

Yule mzee wa Kariakoo ilibidi niende dukani kwake mara mbili kuomba radhi, mara ya kwanza hakunipokea. Siku hizi kijana wake hupita kila baada ya miezi minne na pampu mpya. Ile iliyokufa hairudishi stoo kwetu, anaichukua. Mzee huifungua pale kaunta, huku wateja wanasubiri, aone mchanga umepita wapi.