Samaki wakubwa wa urembo: pima tangi kwanza ndo ulete samaki

Wakuu habari za mida hii. Siku hizi Arusha na Moshi watu wengi wanafuga samaki wa urembo sebuleni, jambo zuri sana, ila nikiingia nyumba za watu nakuta samaki wakubwa wamebanwa kwenye vitangi vya futi mbili na roho inaniuma kweli. Dukani unauziwa oska wa sentimita 5, mzuri, anakufuata na macho kila unapoenda, lakini huyo akila vizuri ndani ya mwaka anapita sentimita 20 na akikomaa ni 30 mpaka 35. Yule mwembamba wa rangi ya fedha wanaemuita shaki ndo balaa zaidi, huyo ni pangasi wa mto Mekong kule Asia, akikua anavuka mita moja, hamna sebule ya Njiro ya Arusha wala Shanty Town ya Moshi itakayomtosha, usimchukue kabisa hata muuzaji akikuapia kwamba atabaki hivyo hivyo. Ukimuona aliyewekwa kwenye tangi dogo mtazame puani, mara nyingi ana kidonda cheupe sababu kila akishtuka anakimbia na kugonga kioo.

Ile habari kwamba samaki anakua kulingana na tangi lake ni uongo. Ukweli ni kwamba maji machache yanajaa uchafu wake haraka, amonia, ile sumu inayotokana na uchafu huo, inamuunguza matamvua, anadumaa, na anakufa miaka mingi kabla ya muda wake wakati oska aliyetunzwa anaweza kufika miaka 10 na kuendelea.

Sasa unachaguaje. Anza na urefu wa samaki akiwa mkubwa, achana na ule wa leo. Upana wa tangi, yaani kutoka kioo cha mbele kwenda cha nyuma, usipungue mara moja na nusu ya huo urefu, mana hapo ndo anapogeukia, na urefu wa tangi uwe mara nne au zaidi. Kwahiyo oska wa sentimita 30 anataka upana wa 45 au zaidi na urefu wa 120, mimi napendelea upana wa 60 kabisa. Chukua chaki uchore hilo umbo sakafuni pale pale tangi litakapokaa, alafu kata kipande cha boksi chenye urefu wa samaki mkubwa, kiweke ndani ya mchoro ukigeuze geuze, utaona mwenyewe kama nafasi ipo, na utaona pia kama mlango wa sebule bado unafunguka.

Lita zinapatikana kirahisi, zidisha urefu kwa upana kwa kimo vyote kwa sentimita alafu gawa kwa 1,000. Tangi la 120 kwa 60 kwa 60 ni lita 432, hilo linamtosha oska mmoja vizuri, wawili nenda futi tano au sita. Frontosa wa kwetu Ziwa Tanganyika nae anafika 30 na anaishi kwa kundi, kwahiyo futi sita. Arowana anakaribia mita, kwa hesabu hiyo tangi lake haliingii sebule ya kawaida, usimguse. Koi na goldifishi wa mkia mmoja wajengee bwawa la saruji uani, watakushukuru.

Kimo watu wanakipenda sababu tangi refu kwenda juu linapendeza, ila samaki mkubwa halimsaidii. Oksijeni inaingia kwa uso wa maji, tangi jembamba lina uso mdogo, umeme ukikatika usiku mzima asubuhi unawakuta wote wako juu wanahema. Na kina ndicho kinachosukuma kioo, kwahiyo kimo cha 60 mwambie fundi vioo akuwekee milimita 12 na vipande vya kushikilia juu, na silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Alijaze maji nje kwanza, likae siku kadhaa ndo liingie ndani.

Uzito usiusahau. Lita 432 ni kilo 432, ongeza kioo, mchanga na stendi, inapita nusu tani. Kama unaishi ghorofani ongea na fundi ujenzi kabla.

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba Arusha sio ya mchezo, oska anataka nyuzi 24 mpaka 27, hesabu hita ya kupasha maji kama wati moja kwa lita, na bora hita mbili za wati 200, moja kila upande, kuliko moja kubwa, moja ikifa nyingine inakushikilia. Moshi kuna afueni kidogo. Filta iwe inazungusha maji yote mara 5 au zaidi kwa saa sababu hawa wanakula sana na wanachafua sana.

Alafu kila wiki unabadilisha kama asilimia 30 ya maji, kwa tangi hilo ni karibu lita 130, ndoo sita na nusu za lita 20. Kama mtaani kwenu maji ni ya mgao, pipa la lita 200 liingie kwenye bajeti pamoja na tangi, maji yakae humo siku nzima yakipigwa pampu ya hewa klorini itoke, ndo uyamimine.