Kabla ya kumeza dawa ya tegu wa ubongo

Ukiambiwa ndugu yako anaanguka kifafa kwa sababu ana vifuko vya tegu wa nguruwe kwenye ubongo, yaani vifuko vyenye watoto wa mnyoo huyo, utatamani kukimbilia duka la dawa ukanunue albendazoli, dawa ya minyoo, wadudu wafe leo leo. Nakuomba usubiri. Dawa ni nzuri, ila hatari kubwa iko pale kifuko kinapokufa, na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kuanzia Mbozi mpaka Makete, mtu anaweza kuanza dozi bila kuelezwa hilo.

Kifuko kilicho hai hukaa ubongoni miaka mingi kimya, kwa kuwa mdudu hutoa vitu vinavyoituliza kinga ya mwili. Kinapoanza kufa, kwa umri au kwa dawa, utando wake hulegea na yaliyomo huvuja. Hapo kinga huamka na chembe nyeupe za damu humiminika mahali hapo. Sasa, mishipa midogo ya ubongo si kama ya mkono au ya tumbo. Seli za kuta zake zimebanana kiasi kwamba vitu vingi vilivyomo kwenye damu havipiti. Ndicho kizuizi kati ya damu na ubongo. Chembe zile hutoa kemikali, na pia vimeng'enya vinavyokata viungio vya seli hizo, na kizuizi kikaachia. Maji na protini za damu hupenya, sehemu inayozunguka kifuko huvimba, na seli za neva zinajikuta zimeogelea katika vitu ambavyo kwa kawaida havizifikii. Mshtuko wa kifafa huanzia hapo, na kichwa kuuma vibaya. Hata kwenye picha ya ubongo huonekana: dawa ya kung'arisha ikidungwa mshipani, huvuja palipobomoka na kuacha pete inayong'aa kuzunguka kifuko.

Ndiyo maana picha ya CT au MRI hutangulia kidonge. Inaonyesha vifuko ni vingapi, na kama viko hai, vinakufa au vimeshakuwa chokaa. Vilivyokuwa chokaa havihitaji dawa ya minyoo, hapo hutibiwa kifafa chenyewe. Na kama ubongo wote umevimba, au maji yamejaa ndani ya fuvu, shinikizo hilo hushughulikiwa kwanza; kuua vifuko vingi katika hali hiyo kunaweza kumpoteza mgonjwa. Kwa anayetoka kijijini, panga fedha ya picha, nauli na malazi ya msindikizaji kabla ya kuwaza bei ya vidonge, na upige simu kuuliza kama mashine inafanya kazi kabla hamjapanda basi la kwenda Mbeya mjini au Iringa.

Macho nayo yachunguzwe. Kifuko kikiwa ndani ya jicho kikafa kwa dawa, uvimbe wake unaweza kupofusha.

Kisha uliza kuhusu dawa za kutuliza uvimbe, yaani deksamethasoni au prednisoloni. Hizi huanza kabla ya albendazoli na kuendelea pamoja nayo, kwa sababu ndizo zinazoizuia kinga isikibomoe kile kizuizi kupita kiasi. Kwa kuwa zinashusha kinga, mgonjwa apimwe kifua kikuu kwanza. Asiziache ghafla anapojisikia nafuu. Damu na ini hupimwa pia, na mama mjamzito kwa kawaida husubiri mpaka ajifungue.

Dawa za kifafa haziachwi hata siku moja. Beba paketi zake zote, maana fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini hupunguza nguvu ya dawa za tegu mwilini. Ukiweza, rekodi tukio la kuanguka kwa simu; daktari ataona mengi ambayo ni vigumu kuyasimulia. Siku za mwanzo za dozi mgonjwa awe wodini, au karibu kabisa na hospitali. Akitapika mfululizo, akichanganyikiwa, akipungukiwa na uono au akianguka mara nyingi kuliko kawaida, arudishwe mara moja. Na nyumbani, kwa baridi yetu hii, asiote moto wa mafiga peke yake.

Kuna jambo linaloniuma: aibu. Anayekula kitimoto isiyoiva anaweza kupata tegu tumboni. Vifuko vya ubongoni hutokana na kumeza mayai ya tegu, yaliyotoka kwenye kinyesi cha mtu, kwa mikono, maji au mboga. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuwa hajaonja nguruwe maishani mwake, na mwenye tegu akawa ndiye anayempikia. Waliomo nyumbani wapimwe choo, watakaokutwa na tegu watibiwe, kabla mgonjwa hajarudi. Prazikwanteli, dawa inayotibu tegu na kichocho, huingia kwenye damu na kufika ubongoni, hivyo kwa aliyewahi kuanguka au anayeumwa kichwa kisichoisha, mwambieni mhudumu mapema, hata siku ya kingatiba ya kichocho shuleni. Niklosamidi, dawa nyingine ya tegu wa tumboni, hubaki tumboni, na kwa mtu kama huyo ndiyo ya kuulizia.