Somo: kuchora isoma za C6H14 bila kuhesabu moja mara mbili

Haya wadau, jana tuisheni nimesahihisha daftari la dogo mmoja, swali lilikuwa chora isoma zote za heksani (C6H14), yaani molekuli zenye fomula moja ila kaboni zake zimeungana tofauti, kachora nane. Jibu ni tano. Zile tatu za ziada ni zilezile kazikunja tu, maana alidhani mnyororo ukipinda kona ni kitu kipya.

Hatua ya kwanza, andika kaboni sita mstari mmoja, haidrojeni ziache utajaza mwishoni (kila kaboni mikono minne, ndo basi). Hiyo heksani yenyewe.

Ya pili, kata kaboni moja, unabaki na mnyororo wa tano na ile uliyokata inakuwa tawi, yaani methili (tawi la kaboni moja). Ibandike kaboni ya 2 unapata 2-methilipentani, ibandike ya 3 unapata 3-methilipentani, ya 4 usiguse kwa sababu ukihesabu kutoka upande wa pili hiyo 4 ni 2 ileile. Ncha nazo ziache, ukibandika pale hujaweka tawi, umerefusha mnyororo tu, umerudi kwenye heksani.

Ya tatu, kata mbili, unabaki na mnyororo wa nne, yaani butani. Methili zote kaboni ya 2: 2,2-dimethilibutani. Moja ya 2 moja ya 3: 2,3-dimethilibutani. Ukikata tatu haiendi, kaboni ya katikati ya propani ina nafasi mbili tu, methili ya tatu haina pa kukaa.

Afu kila mchoro upe jina. Majina yakifanana ni isoma moja, hata michoro ikipishana vipi.

Swali: Ticha mbona umeruka 2-ethilibutani? Mi nimeipata na ina kaboni sita kabisa.
Jibu: Tafuta tena mnyororo mrefu, usifate mstari ulionyooka, pitia ndani ya hiyo ethili (tawi la kaboni mbili). Si umepata tano? Basi hiyo ni 3-methilipentani. Huu mtego hata mimi ulinila kidato cha nne.

Swali: Samahani mwalimu, kama fomula ni moja si zinachemka sawa?
Jibu: Wapi. Heksani inachemka karibu nyuzi 69, 2,2-dimethilibutani karibu 50. Yenye matawi imejikusanya kama kidonge, molekuli zinagusana eneo dogo, mvutano unakuwa dhaifu, zinaachana mapema.

Swali: Mkuu, hii ndo ile namba ya oktani kwenye petroli, ile inayopima petroli inavyostahimili kutojiwakia mapema?
Jibu: Ndo yenyewe. 2,2,4-trimethilipentani, yenye matawi matatu, ndo iliyopewa 100, heptani iliyonyooka ikapewa 0 maana inajiwakia mapema na injini inagonga.

Swali: Na heptani ina isoma ngapi?
Jibu: Tisa. Chora, ukipata kumi kuna moja umeikunja.