Somo: Chora ramani ya Jamaika na parishi zake 14 bila kutazama kitabu

Wengi wetu tunakariri parishi za Jamaika, yaani sehemu za utawala za kisiwa hiki cha Karibi, kama orodha, kisha kwenye mtihani majina yanachanganyika. Chora kwa mkono wako mwenyewe. Andaa karatasi ya A4 uilaze, penseli na kifutio.

Hatua ya 1. Kipimo kiwe sentimeta 1 kwa kilomita 10. Kisiwa kina urefu wa takriban kilomita 235, na upana wake mkubwa ni kama 80, kwa hiyo kitakaa vizuri kwenye karatasi. Eneo lake ni kilomita za mraba 10,991, dogo kuliko Mkoa wa Kilimanjaro. Kaskazini andika Kuba, mashariki andika Haiti.

Hatua ya 2. Weka milima kabla ya mipaka. Mashariki kuna Blue Mountains, na kilele chake kina mita 2,256. Hapa usipite haraka. Pepo za kaskazini mashariki hutoka baharini zikiwa na unyevu, zikapanda mlima na kumwaga mvua upande wa Portland. Zikifika Kingston, nyuma ya mlima, zimeshakauka. Aliyepita Same, chini ya milima ya Upare, anaijua hali hii.

Magharibi chora vilima vidogo vya duara vilivyobanana kama maandazi kwenye sinia. Hiyo ni Cockpit Country, nchi ya mawe ya chokaa. Maji ya mvua huzama kwenye mashimo katikati ya vilima na kwenda chini kwa chini. Wamaroon, watu waliotoroka utumwa, walijificha huko na kupigana hadi Waingereza wakatia saini mkataba nao mwaka 1739. Kijiji chao cha Accompong, katika Saint Elizabeth, kipo hadi leo.

Hatua ya 3. Piga mistari miwili kutoka kaskazini hadi kusini upate kaunti tatu: Cornwall magharibi, Middlesex katikati, Surrey mashariki.

Hatua ya 4. Sasa parishi. Siri ni hii: zote 14 zinagusa bahari. Kwa hiyo zunguka pwani, ukianzia Kingston kuelekea mashariki: Kingston, Saint Andrew, Saint Thomas, Portland (hapo Surrey imekwisha), Saint Mary, Saint Ann, kisha Cornwall nzima, yaani Trelawny, Saint James, Hanover, Westmoreland, Saint Elizabeth, halafu unarudi Middlesex kwa Manchester, Clarendon na Saint Catherine. Umefika tena mlangoni mwa Kingston.

Angalia Kingston kwenye karatasi yako. Kwa kipimo chetu, parishi yenyewe haizidi sana punje ya hindi, na upande wa nchi kavu imezungukwa na Saint Andrew. Ukiichora kubwa, futa.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Hizo kaunti zina magavana kama zetu za Kenya?
Marahaba. Hazina. Kaunti za Jamaika hazina serikali wala bajeti, zimebaki majina ya kihistoria. Utawala wa mitaa uko kwenye parishi, wenye madiwani na meya. Kingston na Saint Andrew zina baraza moja tangu mwaka 1923. Pia Portmore, mji ulio Saint Catherine, ulipata baraza lake mwaka 2003.

Parishi ndiyo parokia ya kanisa?
Asili yake ni huko. Waingereza waligawa kisiwa kwa mipaka ya Kanisa la Anglikana. Zilifika 22, zikapunguzwa hadi 14 mwaka 1867. Leo ni mipaka ya serikali, haihusiani na padre wala ibada.

Makao makuu yalikuwa Kingston tangu mwanzo?
Hapana, yalikuwa Spanish Town, katika Saint Catherine, hadi mwaka 1872. Kingston ilianza kukua baada ya tetemeko la mwaka 1692 kuuzamisha sehemu kubwa mji wa Port Royal, ng'ambo ya bandari, na walionusurika wakahamia upande huu.

Mwalimu, Bob Marley na Usain Bolt niwaweke wapi?
Marley alizaliwa Nine Mile, Saint Ann. Marcus Garvey, mpigania haki za watu weusi, naye ni wa parishi hiyo hiyo, ila yeye ni wa mjini, Saint Ann's Bay, pale pwani. Bolt ni wa Trelawny. Weka nukta zao kwa wino, zitakusaidia kukumbuka kwamba parishi hizo mbili zinapakana.