Kupanga mtaala wa wakunga: anzia leba

Kabla hujaandika moduli hata moja, nenda wodi ya wazazi ukaombe rejesta ya mwaka uliopita. Mtaala ukianza na orodha ya masomo, utapata wahitimu wenye alama nzuri ambao wamezalisha akina mama wachache mno.

Piga hesabu. Tuseme una wanafunzi 40, kila mmoja azalishe akina mama 20 kwa mikono yake, mkunga akiwa pembeni. Hivyo ni vizazi 800. Hospitali ina vizazi 150 kwa mwezi; ondoa 40 vya upasuaji, vinabaki 110. Chuo jirani kinachukua nusu, unabaki na 55. Gawanya 800 kwa 55: miezi 14 na ushee. Kama ulipanga wiki 8 za leba, mtaala umekwama kabla ya kupigwa muhuri. Ongeza vituo vya afya vya nje na zamu za usiku, la sivyo punguza udahili. Hiyo 20 usiiguse.

Shirikisho la Kimataifa la Wakunga linataka angalau miaka 3 kwa anayeanza moja kwa moja na miezi 18 kwa aliyekwisha kuwa muuguzi, vitendo visipungue nusu. Saa za mdoli wa mazoezi darasani usizifanye mbadala wa leba. Mdoli hutangulia, na wodi ifuate ndani ya wiki chache. Ukiweka muhula mzima katikati, mikono inasahau.

Somo la mama kutokwa na damu baada ya kujifungua lipe siku nzima. Mwaga ml 500 za maji ya rangi kwenye kanga, wanafunzi wakadirie kwa macho (wengi hukadiria pungufu), kisha wapime kwa mizani: uzito wa kanga iliyolowa toa wa kavu, kila gramu 1 ihesabiwe ml 1. Ndipo wafanye zoezi la oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba: uniti 10 kwenye msuli, ndani ya dakika 1 baada ya mtoto kutoka, wakishahakikisha hakuna pacha tumboni.

Fomu ya kufuatilia uchungu ikubaliwe na wodi mapema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unaanza kuhesabu uchungu kamili mlango wa kizazi ukifunguka sm 5, patografu (fomu ya zamani) kwenye sm 4. Darasa likifuata moja na wodi nyingine, mwanafunzi atachanganya zote mbili.

Daftari la vitendo lisainiwe zamu ileile. Ukikuta saini 20 zenye tarehe tofauti lakini wino na mwandiko ni wa mkao mmoja, mrudishe leba.