Kabla hujaingia kikundi cha kuchangiana matibabu Marekani

Mama mdogo wangu hapa Uyole, Mbeya, ni katibu wa kikundi cha kusaidiana. Kaunta buku lake limeshachakaa, ukurasa wa nyuma ameandika WAGONJWA kwa herufi kubwa, na chini yake kuna majina, tarehe, kiasi na sahihi. Nilipomweleza kwamba Marekani nako watu huchangiana matibabu badala ya kukata bima, aliuliza jambo moja tu: "Na wasipokulipa, unakwenda kugonga mlango wa nani?"

Nawe unayeishi huko, anzia hapo hapo. Vikundi hivi, ambavyo vingi ni vya Kikristo, kisheria si bima. Unatoa mchango kila mwezi, ukiugua unapeleka bili, wenzako wanachangia kwa mujibu wa kanuni. Lakini ukisoma kanuni zenyewe utakuta imeandikwa kwamba hakuna aliyeahidi kulipa. Kampuni ya bima ikikukatalia unaweza kukata rufaa na kulalamika kwa msimamizi wa bima wa jimbo. Kikundi kikikukatalia, kwa kawaida unakata rufaa kwa walewale waliokukatalia.

Mchango huwa mdogo kuliko bima, na sababu yake haina uchawi. Sheria ya afya ya 2010 inazikataza bima zinazouzwa kwenye soko la serikali la mtandaoni, HealthCare.gov, kumkataa mtu au kumtoza zaidi kwa sababu ya ugonjwa alio nao. Kikundi hakifungwi na katazo hilo. Kama una presha, sukari au pumu, tafuta kifungu cha magonjwa ya kabla ya kujiunga: mara nyingi hayachangiwi, au yanasubiri miaka. Mimba nayo ina masharti yake. Vikundi vingi havichangii iliyotungwa kabla hujajiunga. Uliza pia kuhusu dawa za kila siku, afya ya akili na meno. Na kama wewe ni Mwislamu, soma kwanza tamko la imani unalotakiwa kulisaini, usije ukasaini kitu usichokiamini kwa ajili ya unafuu wa dola chache.

Mimi nilipokuwa huko nilikaa kwenye kimoja miaka miwili. Niliteleza kwenye barafu, nikavunjika kifundo cha mkono. Kwenye fomu za hospitali nilijaza kwamba sina bima, maana ndivyo ilivyo, nikaomba punguzo la mlipaji taslimu, na nikalipata. Kikundi kilitoa sehemu yake, sikatai, ila baada ya miezi mitano. Miezi yote hiyo barua za madeni zilikuwa zikija kwa jina langu, si la kikundi.

Kwa hiyo usilinganishe mchango na ada ya bima peke yake. Jumlisha na kiasi unachobeba mwenyewe kabla kikundi hakijaanza kuchangia, na uangalie kama kuna kikomo cha juu cha wanachotoa. Bima ya soko inafanya kinyume: inaweka kikomo cha unachotoa wewe kwa mwaka, kwa huduma za hospitali na madaktari wenye mkataba nayo. Halafu pitia hilo soko kwanza uone kama kipato chako kinakupa ruzuku, yaani serikali ikusaidie kulipa ada. Mchango wa kikundi hauna ruzuku. Watu wetu wengi wanaruka hatua hii kwa sababu rafiki wa kanisani amewaambia bima ni ghali.

Faini ya serikali kuu ya kukaa bila bima ilishushwa hadi sifuri kuanzia 2019, lakini majimbo kama California na Massachusetts yana sheria zao. Kinachouma zaidi ni kutoka: ukijitoa kwenye kikundi katikati ya mwaka, haihesabiki kwamba umepoteza bima, kwa hiyo kujitoa peke yake hakukufungulii soko. Utasubiri dirisha la kawaida la kujiandikisha, linalofunguliwa Novemba.

Mimi naona kinamfaa kijana mzima wa afya asiye na ruzuku, mwenye akiba ya kulipa bili kubwa wakati anasubiri wenzake. Mwenye ugonjwa wa kudumu, au anayetarajia mtoto, namshauri akae mbali nacho.

Ukija likizo huku Nyanda za Juu, uliza kabla hujapanda ndege kama wanachangia matibabu ya nje, na kwa risiti gani. Binamu yangu alishikwa na malaria Tukuyu, akalazwa siku mbili. Risiti aliyopewa iliandikwa "matibabu" na jumla ya shilingi, basi. Kikundi kikairudisha. Ikabidi apande tena daladala kutoka Mbeya, akapange foleni dirishani kwa mhasibu, aandikiwe kitanda peke yake, kipimo peke yake, dawa peke yake, na mhuri juu. Mama mdogo aliposikia alicheka. Kwenye daftari lake, alisema, mgonjwa haandiki kitu. Wao ndio wanamfuata wodini.