Kiuno cha palizi: kukilegeza kwa mikono na kwa khanga

Palizi ya mtama na uwele ikishika kasi, wakulima wengi wa Dodoma hurudi nyumbani jioni wakishindwa kunyooka. Mpini mfupi humfanya mtu ainame kutwa. Misuli ya mgongo inabeba kiwiliwili chote, ya nyuma ya mapaja inakaza na kuvuta nyonga, na mzigo wote unaishia kiunoni. Kwa hiyo ukichuliwa pale panapouma tu, unapata nafuu ya usiku mmoja.

Osteopathia, tiba ya mikono iliyoanzishwa na Mmarekani Andrew Taylor Still mwaka 1874, huanzia hapo. Mtaalamu anakutazama ukisimama, ukiinama na kugeuka, anapapasa palipokaza, kisha anachua, ananyoosha na kuchezesha kiungo taratibu. Inasaidia zaidi maumivu ya kiuno. Anayekuahidi itatibu kisukari au presha, mkimbie. Na ule mlio wa "ko!" si mfupa uliorudi mahali pake, ni kiputo cha gesi ndani ya ute wa kiungo. Kisipolia hujapunjwa. Wataalamu wake ni wachache nchini, lakini kitengo cha fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono) cha hospitali kubwa hufanya kazi inayokaribiana nayo.

Mbinu yao moja unaiweza mwenyewe. Jioni, baada ya kuoga maji ya uvuguvugu, lala chali mkekani, goti moja limekunjwa na unyayo uko chini. Pitisha khanga kwenye unyayo wa mguu wa pili, shika ncha zote mbili, uinue mguu umenyooka mpaka nyuma ya paja pavutike bila kuuma. Sasa sukuma mguu kama unayeushusha, khanga ikiuzuia, kwa robo tu ya nguvu zako, sekunde 5 hadi 7. Legeza, toa pumzi. Misuli itaachia na mguu utakubali kupanda kidogo zaidi. Ushikilie hapo sekunde 20. Rudia mara 3 kila mguu.

Wengi huharibu kwa kusukuma kwa nguvu zote huku wamebana pumzi. Misuli hujihami, ikazidi kukaza. Ukisikia shoti kama ya umeme ikishuka mpaka wayo, unavuta mshipa wa fahamu, si msuli: shusha mguu, na isipoisha acha zoezi hilo.

Shambani, kila nusu saa simama, weka mikono kiunoni, jinyooshe kwa nyuma mara 5. Weka mpini mrefu zaidi. Dumu la lita 20 ni kilo 20 upande mmoja; ligawe katika ndoo mbili za lita 10.

Baada ya kutibiwa kwa mikono, uchovu wa misuli wa siku moja au mbili ni wa kawaida. Ukizidi hapo, rudi ukaulize.

Kuna maumivu yasiyotakiwa kuchuliwa kabla ya vipimo. Kwa wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi, kiuno na viungo vinavyouma pamoja na homa za vipindi na jasho la usiku vinaweza kuwa bruselosisi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Kukonda na mgongo unaouma hata ukilala huweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mwenye selimundu (sikoseli) akibanwa na maumivu, mpeleke hospitali. Na ganzi sehemu za siri, miguu kulegea au mkojo kugoma au kutoka wenyewe, ni dharura ya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.